Kupunguza miiba ya kaktasi ya ndani bila kuujeruhi mmea

Mwiba wa kaktasi ukishakomaa haupitishi maji wala chakula. Umekufa, umekauka, mgumu hadi ndani. Ndiyo maana ukiukata kwa chombo kikali mmea haudhuriki, lakini ukiung'oa unafungua tundu kwenye ngozi, na ukungu na uozo huingilia hapo. Kwa hiyo kata, using'oe. Na kata miiba inayolazimu tu, ukiacha kisiki, kwa sababu mwiba uliokomaa ukiondoka haurudi. Upande uliounyoa leo utabaki umenyolewa kwa maisha yote ya mmea huo. Miiba mipya itatokea juu, kwenye kilele kinachoendelea kukua.

Kabla ya kushika chombo, tazama kwanza kama kweli kuna haja. Katika nyumba nyingi za Tabora mjini chungu cha kaktasi huwekwa barazani au kando ya mlango wa sebule, palepale watoto wanapopita mbio na wageni wanapovulia viatu. Chungu kidogo kikihamishiwa kwenye rafu yenye kimo cha mita moja na nusu, tatizo limekwisha na hakuna mwiba uliokatwa. Kukata kuna maana pale chungu kinapokuwa kizito mno kuhamishwa, ukumbi unapokuwa mwembamba, nyumbani kunapokuwa na mtoto anayeanza kutambaa au mzee asiyeona vizuri, au unapotaka kuhamishia mmea kwenye chungu kikubwa na hupati pa kushika. Hata hapo, mara nyingi ni upande mmoja tu unaohitaji kunyolewa, ule unaoelekea njia. Upande wa ukutani uache ulivyo.

Tunasisitiza kuacha kwa sababu miiba ina kazi zaidi ya kuchoma. Kaktasi haina majani ya kujifunika, hivyo miiba iliyosongamana ndiyo inayoitia ngozi kivuli na kuzuia upepo mkavu usiinyonye maji. Kaktasi pipa, ile ya mviringo yenye miiba ya manjano inayopendwa sana barazani, inatoka Mexico kwenye miteremko ya mawe na jua kali, na kivuli chake ni miiba yake mwenyewe. Ukiinyoa yote kisha ukaiweka kwenye jua la Septemba, itaungua.

Hakikisha ni kaktasi

Si kila chenye miiba kwenye chungu ni kaktasi. Asili ya kaktasi ni mabara ya Amerika. Ni aina moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota yenyewe barani Afrika pia, nayo ikikomaa haina miiba ya kuchoma. Mimea mingi yenye miiba tunayopanda majumbani ni ya ukoo wa mnyaa, huu huu unaotumika kuzungushia maboma Unyamwezini. Wataalamu huuita Euphorbia. Utomvu wake mweupe unawasha ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kuleta madhara makubwa.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Kwenye kaktasi, kila kishada cha miiba kinatokea kwenye kidoa kidogo chenye manyoya mafupi, meupe au ya kahawia. Sogeza jicho, utaona vidoa hivyo vimepangana kwa mstari kwenye kila ubavu wa mmea. Kwenye mimea ya ukoo wa mnyaa hakuna manyoya hayo. Mara nyingi miiba imekaa miwiliwili, imeota moja kwa moja kwenye ngozi. Ukiwa bado na shaka, choboa kidogo sehemu ya chini kwa ncha ya sindano. Yakitoka maziwa, mara nyingi hiyo si kaktasi, ingawa baadhi ya kaktasi ndogo za Mammillaria nazo hutoa maziwa. Ya kaktasi nyingi ni maji maji yasiyo na rangi, ya kuteleza kidogo.

Mmea wenye maziwa ukilazimika kuupunguza, vaa miwani, kata milimita 2 au 3 tu za ncha iliyokauka, na usiguse uso mpaka unawe mikono kwa sabuni. Maziwa yakikuingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Mimea ya jamii ya mkonge inayopandwa kwenye vyungu nayo watu huiita kaktasi. Hiyo kazi yake ni ndogo: kila jani lina mwiba mmoja mweusi au wa kahawia kwenye ncha. Kata mwiba huo peke yake, karibu sentimita moja, ukiishia pale rangi ya kijani inapoanza. Ukiingia kwenye kijani jani litakauka kwa ncha na kuwa na kovu baya.

Wakati wa kufanya kazi

Fanya kati ya Juni na Agosti. Mvua zimekwisha, hewa ya Tabora ni kavu, na kidonda kidogo kikitokea kwa bahati mbaya kinafunga ngozi haraka. Kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili hewa ina unyevu na mkwaruzo uleule mdogo unaweza kugeuka kidonda cha kuoza. Walio Kigoma, hasa wanaokaa karibu na ziwa kama Ujiji na Kibirizi, wahesabu siku tatu au nne zaidi za kukausha, kwa kuwa unyevu wa ziwa hauishi hata kiangazi.

Acha kumwagilia siku 7 hadi 10 kabla. Kaktasi iliyokunywa maji juzi imevimba, ngozi imetuna, na chombo kikiteleza kinaichana kirahisi. Iliyokauka kidogo imelegea na inavumilia.

Vifaa

Kwa miiba myembamba, kikata kucha kinatosha, ila kiwe kipya au kikali. Hili si jambo la kupuuza: kikata kucha butu hakikati mwiba, kinauponda. Mwiba uliopondwa unapasuka kwa urefu na kuwa vijiti viwili vyenye makali kuliko ule mmoja wa mwanzo. Kwa miiba minene ya kaktasi pipa au ya nguzo, tumia plaizi ndogo ya mafundi umeme ya kukatia nyaya, ile ambayo ubavu wake mmoja ni bapa. Mkasi wa kushonea haufai, kwa sababu vidole vyako vinalazimika kuingia katikati ya miiba ili ncha ifike.

Pamoja na hicho uwe na kibano kirefu, spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa, pamba, kipande cha msasa laini (namba 240 ni saizi yake), magazeti mawili matatu, tochi, na kopo lenye mfuniko la kutupia miiba. Miwani ya aina yoyote ni lazima, kwa kuwa mwiba mkavu ukikatwa huruka. Glavu za ngozi kama za mafundi wa kuchomelea zinasaidia mkono unaoshika mmea, si ule unaokata. Mkono wa kukata ukivaa glavu nene hupoteza uhakika. Glavu za mpira za jikoni hazizuii kitu.

Kipande cha sponji ya godoro kuukuu, chenye unene wa sentimita 5 hivi, ndicho kishikio bora cha kaktasi ya mviringo. Miiba inazama ndani ya sponji bila kuvunjika na mmea hauponyoki. Kwa kaktasi ndefu ya nguzo, kunja gazeti mara kadhaa upate mkanda wenye upana wa sentimita 5 au 6, uzungushe kiunoni mwa mmea, kisha sokota ncha zake mbili ziwe mpini.

Kukata

Weka chungu mezani, kwenye mwanga wa dirisha, juu ya gazeti lililoloweshwa kidogo. Gazeti lenye unyevu hunasa miiba. Sakafu ya saruji huiacha itapakae chumba kizima. Watoto na kuku wawe nje. Futa midomo ya chombo kwa pamba yenye spiriti, subiri ikauke, na urudie kila unapohamia mmea mwingine, maana uozo husafiri kwa chombo kuliko kwa hewa.

Anza chini, karibu na ukingo wa chungu, upande kuelekea juu. Miiba ya chini ikishapungua mkono unapata nafasi ya kufikia ile ya juu. Maliza ubavu mmoja kabla ya kwenda wa pili.

Sasa tazama kidoa kimoja cha kaktasi pipa kwa karibu. Utaona miiba ya aina mbili. Ya pembeni, kama 8 hadi 10, imelala ikisambaa kufuata ngozi. Ya katikati, 3 hadi 5, ni minene na imesimama ikitazama nje. Inayomchoma mtu anayepita ni hiyo ya katikati. Ile iliyolala ndiyo inayotia kivuli. Kwa hiyo kata ya katikati peke yake na uiache ya pembeni, na mmea utakuwa umepoteza sehemu kubwa ya hatari yake huku ukibaki na mwavuli wake. Ukitazama kwa mbali hutagundua hata kama umeguswa.

Shika ncha ya mwiba kwa kibano, ili ukikatika usiruke. Peleka chombo kikiwa kimelala sambamba na ngozi ya mmea, kamwe kisielekee ndani, kwa sababu mwiba ukikatika ghafla mkono husonga mbele, na kama chombo kilikuwa kinatazama mwili kitauchoma. Bana mara moja, kwa nguvu, kisha tia kipande kwenye kopo. Usitikise, usizungushe; kuzungusha kunalegeza mwiba kwenye kitako chake na matokeo ni yaleyale ya kung'oa.

Mwiba mnene uachie kisiki cha milimita 5. Mwembamba, milimita 2 hadi 3. Ukikata chini zaidi ya hapo midomo ya chombo inabana manyoya ya kidoa, na kidoa ni sehemu hai. Kwenye aina nyingi maua na matawi huchipuka hapohapo. Ukiacha kirefu zaidi, kisiki kinakuwa kigumu na bado kinachoma. Kata kwa unyoofu, si kwa mshazari, kwani mshazari ni ncha mpya. Kisha pitisha msasa mara moja au mbili juu ya visiki vinene mpaka kidole kikigusa kisisikie makali.

Kilele usikiguse. Acha duara la sentimita 2 hadi 3 juu kabisa. Miiba ya pale bado inakua kutoka kwenye kitako, ni laini na kitako chake kiko hai. Ukiikata itaendelea kusogea juu ikiwa butu na yenye umbo la ajabu, na ukiteleza umejeruhi sehemu pekee inayoukuza mmea wote.

Baadhi ya kaktasi ndogo za jamii ya Mammillaria zina mwiba wa katikati uliopinda kama ndoana. Huo hauchomi sana, bali hunasa nguo, nywele na vidole, na mtu akijivuta anaondoka na chungu kizima. Kata nyuma tu ya mkunjo wa ndoana, basi. Mwiba uliobaki hauna madhara. Zile zenye nywele nyeupe laini zimefunika mwili mzima ziache kama zilivyo.

Mpungate ni jambo jingine

Mpungate wenye vipande bapa kama masikio ya sungura, usio na miiba mirefu bali vidoa vya manjano vinavyoonekana laini, unawadanganya watu wengi. Kila kidoa ni kifurushi cha vinyweleo vingi mno, vifupi, vyenye meno yanayotazama nyuma. Vinang'oka kwa mguso tu na vikiingia kwenye ngozi havitoki kwa kufuta. Usivikate. Kukata kunavirusha hewani, machoni na puani.

Ukilazimika kuvipunguza, nyunyizia mmea ukungu mwembamba wa maji ili visipeperuke, uache ngozi ikauke kidogo, kisha tumia tepu pana ya kufungia maboksi. Kata kipande cha sentimita 10, kigandamize juu ya vidoa, kibandue polepole, kitupe, chukua kingine. Tepu iliyotumika hairudiwi. Jua pia kwamba kidoa cha mpungate kinaweza kutoa vinyweleo vipya baadaye, kwa hiyo hii si kazi ya kudumu. Ushauri wetu ulio wazi: nyumba yenye mtoto mdogo isiwe na mmea huu ndani.

Wafugaji wa nchi kame huunguza miiba ya mpungate kwa moto ili mifugo iule. Hilo ni kwa chakula cha mifugo. Kwenye mmea wa chungu unaotaka uendelee kuishi, moto wa kiberiti au mshumaa unapika ngozi, na doa la kahawia litabaki milele.

Kama unachotaka hasa ni mmea usiochoma, nunua usio na miiba. Kaktasi ya Krismasi, yenye vipande bapa vilivyounganika na maua ya waridi, haina miiba na inapenda kivuli cha ndani.

Baada ya kukata

Brashi ya kupakia rangi au mswaki mkavu usafishe vipande vilivyonasa katikati ya miiba iliyobaki. Zima taa, washa tochi na uilaze sakafuni. Kila mwiba uliodondoka utang'aa na kutoa kivuli kirefu. Kunja gazeti kwa ndani pamoja na kilichomo, uchome au utumbukize chooni cha shimo. Usifagilie uani.

Usimwagilie kwa siku 7 hadi 10. Kisha suala la jua, ambalo ndilo linaloharibu kaktasi nyingi zilizokatwa vizuri. Tabora iko nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta. Dirisha la kaskazini hupigwa na jua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, na la kusini kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la saa sita mchana linakaa utosini kabisa, na Oktoba ndiyo joto lenyewe. Kwa hiyo ukinyoa Juni, upande ulionyolewa uelekeze ndani ya chumba na upande wenye miiba uelekee dirisha la kaskazini. Wiki mbili za mwanzo mpe jua la asubuhi tu. Baadaye ongeza saa moja kila siku chache. Kama ilikuwa desturi yako kuzungusha chungu kila wiki, acha. Upande usio na miiba hautakiwi kupewa zamu ya jua kali.

Yanayoharibika, na sababu zake

Doa jeupe au la manjano hafifu upande wa dirishani, likageuka gamba gumu la kahawia, ni kuungua na jua. Halitibiki, ila halienei. Sogeza chungu kivulini. Usilichanganye na ugumu wa kahawia unaoanza chini kabisa, karibu na udongo, na kupanda polepole mwaka hadi mwaka. Huo ni uzee wa kawaida.

Doa jeusi au la kahawia lenye ulaini, linalobonyea na kutoa harufu, ni uozo. Baada ya kazi hii, chanzo chake kinaweza kuwa mwiba uliong'oka pamoja na kitako halafu maji yakaingia. Chukua kisu kikali kilichofutwa spiriti, kata mpaka nyama ibaki safi ya kijani au nyeupe bila hata nukta ya kahawia, ukifuta kisu kila baada ya mkato. Acha wazi, pakavu, kivulini, kwa wiki mbili au zaidi mpaka ngozi ifunge. Usipake mafuta ya mgando wala udongo. Asali ya Tabora inasaidia mengi, lakini hapa inavuta sisimizi na kuweka unyevu pale panapotakiwa kukauka.

Kidoa kimoja kiking'oka na uliona papo hapo, usiogope. Kinyunyizie unga mkavu wa mdalasini au acha kama kilivyo, na usimwagilie mpaka kiwe kigumu kikiguswa.

Mmea ukisinyaa mbavu zake wiki ya pili baada ya kazi, huo ni ukavu wa kawaida. Mwagilia mara moja kwa wingi, maji yatoke chini ya chungu, kisha subiri udongo ukauke wote. Mchanga mwingi wa Tabora unafaa kwa hili ukichanganywa nusu kwa nusu na udongo wa mboji iliyochujwa.

Miiba ikiingia mwilini

Mwiba mkubwa vuta kwa kibano kufuata njia uliyoingilia, kisha osha kwa sabuni. Vinyweleo vya mpungate havitaki kusuguliwa wala kunyonywa kwa mdomo. Toa vinavyoonekana kwa kibano chini ya mwanga mkali, halafu paka gundi nyeupe ya mbao tabaka jembamba, tandaza juu yake kipande cha shashi ya duka la dawa, subiri ikauke kabisa, ibandue. Rudia ikibidi. Usitumie gundi kali ya kuunganishia plastiki, inavigandisha ndani.

Kama hukumbuki lini ulichomwa sindano ya pepopunda, tundu la mwiba uliopita kwenye udongo ni sababu tosha ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kiungo cha kidole kikivimba au kukataa kukunjika siku kadhaa baada ya kuchomwa, mweleze daktari kwamba ulichomwa na mwiba wa mmea, hata kama tundu lenyewe limeshafunga, kwani kipande kilichobaki ndani ya kiungo mara nyingi hakionekani kwenye picha ya eksirei.